Picha ya nyanya ina ukungu: yawezekana kunolewa?

Swali: Assalam aleikum, mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kibokoni, Mombasa. Mwaka jana, usiku wa kupambwa dadangu, nilimpiga nyanya picha kwa simu. Alikuwa amekaa kitini na leso yake mabegani, nyuma yake zile taa ndogondogo za mapambo. Picha ikatoka na ukungu. Nyanya alifariki miezi mitatu baadaye, na hatuna picha nyingine aliyocheka namna ile. Nataka kuiosha kwa ukubwa wa A3 niitundike sebuleni kwa mama. Nimejaribu kuinoa kwa programu ya simu, uso ukawa kama wa plastiki. Nikajaribu nyingine ya akili unde, ikatoka safi kabisa, lakini mama alipoitazama alisema, "Huyu ni nani?" Je, kuna njia ya kuisafisha bila kumpoteza nyanya? Kompyuta ninayo, pesa ya kununua programu sina. Picha niliyonayo ni ile niliyowahi kuituma kwenye kikundi cha familia. Simu niliyopigia sasa anayo mdogo wangu. Nakutumia kipande chake ukione.

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu nyanya na ampe kauli thabiti.

Swali la mama yako, "Huyu ni nani?", ndilo kipimo nitakachoshika katika jibu hili lote. Kwa picha ya marehemu hakuna hakimu mwingine isipokuwa yule aliyemjua: akiitazama, amwone mtu wake. Kwa hivyo nakuambia mapema ujue unapokwenda. Picha yako yaweza kusogea hatua moja nzuri, labda mbili. Haitakuwa kana kwamba ilipigwa sawasawa tangu mwanzo, na yeyote atakayekuahidi hivyo ujue atakuchorea nyanya mwingine.

Kazi ya kwanza haihusu programu. Kipande ulichonitumia kimekatwa kwenye picha yenye pikseli, yaani vile vinukta vya rangi vinavyoijenga picha, 1600 kwa 1200. Simu nyingi za miaka hii hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Picha ya 1600 kwa 1200 haifiki hata milioni 2, na vipimo hivyo ni dalili ya picha iliyopitia WhatsApp, ambayo kwa kawaida huipunguza ili isile bando. Tena ikipunguzwa hubanwa, na kule kubanwa huacha vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 karibu na kila ukingo. Jicho halivioni mpaka uanze kunoa. Programu nayo haijui tofauti ya kijisanduku na mkunjo wa uso, hunoa vyote. Ongeza kwamba simu yenyewe, ikipiga gizani, hufuta chenga, zile nukta nukta za picha ya gizani, kwa kuilainisha ngozi. Ngozi iliyokwisha kulainishwa, kisha ikabanwa, kisha ikanolewa: hapo ndipo ulipoupata uso wa plastiki.

Basi nenda kwa mdogo wako leo, si kesho, kabla hajafuta vitu kupata nafasi. Tafuta picha ile ndani ya folda ya kamera. Ukiipata, usiitume kwa njia ya kawaida ya picha. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya. Usipoipata humo, fungua hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yako ya zamani, mara nyingi simu hupandisha picha huko bila mwenyewe kukumbuka. Uliza pia ni nani aliyepiga video usiku ule. Katika kupamba hakukosi shangazi aliyeshika simu juu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fremu moja ya video ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, na ikiwa ni video ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya pikseli milioni 8. Isogeze fremu kwa fremu. Nyanya aliyecheka kwa sekunde tatu amepigwa picha tisini, na kati ya tisini huenda mbili zikawa kali kuliko hiyo yako. Nimewahi kuokoa picha za namna hii mara kadhaa, na zilizofaulu vizuri zaidi zilitoka kwenye video ya mtu ambaye hakujua anacho.

Tuseme haikupatikana. Sasa tuutambue ugonjwa, maana ukungu si wa namna moja na dawa yake si moja.

Zile taa za mapambo nyuma ya nyanya ndizo zilizoniambia kila kitu. Taa ndogo ya mbali ni nukta. Kamera ikiwa imetulia na imelenga vizuri, nukta hubaki nukta. Kwenye kipande chako kila taa imekuwa kimstari kifupi, cha pikseli sita hivi, kilicholala kutoka juu kushoto kuja chini kulia. Taa zote zimelala upande mmoja. Hiyo ni kamera iliyotikisika. Gizani simu huacha mlango wa nuru wazi kwa muda mrefu, labda sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo mkono wako ulishuka kidogo, pengine pale pale ulipobonyeza. Halafu nikatazama uso: mpako wake ni ule ule wa taa, hauzidi. Nyanya alikuwa ametulia. Mkono wako ndio uliotembea.

Kama lenzi ingekuwa imelenga pahali pengine, taa zingekuwa vijisahani vya mviringo. Kama nyanya angegeuka, taa zingekuwa nukta safi na uso peke yake ndio ungepakazika, na huo ndio ukungu mgumu kuliko yote kwa sababu kila sehemu ya uso huenda njia yake. Na kama kila taa ingezungukwa na wingu na miale mirefu, ningekuuliza umeshika nini kabla ya kupiga. Hapa Mombasa tuna adha hiyo mara mbili: vidole vya mafuta ya biriani au ya nazi kwenye lenzi, na unyevu. Toka kwenye gari lenye kiyoyozi uingie ua wenye joto la Aprili, lenzi hushika umande papo hapo, kama gilasi ya maji baridi. Ukungu wa lenzi chafu ndio mwepesi kutibika. Mara nyingi huhitaji kuongezewa weusi na weupe tu, bila kunolewa. Wako ni wa mtikisiko, mfupi na ulionyooka. Kati ya balaa zote, umepata ile ya wastani.

Sasa, kunoa ni nini hasa? Nataka ulielewe hili, kwa sababu ukilielewa hutahitaji mtu akuambie lini uache.

Chukua ukingo wa buibui jeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kompyuta husoma mwangaza wa kila pikseli kwa hesabu, kutoka 0 ambayo ni giza totoro hadi 255 ambayo ni weupe mtupu. Kwenye picha kali, pikseli ya buibui itasoma 30 na jirani yake ya ukuta 200. Hapo jicho husema: huu ukingo ni mkali. Kwenye picha yenye ukungu hesabu hupanda polepole kama ngazi: 30, 70, 115, 160, 200. Programu inapoombwa inoe, hutengeneza nakala ya picha na kuitia ukungu zaidi. Kisha hulinganisha nakala hiyo na picha yako, pikseli kwa pikseli. Pale ambapo hakuna ukingo, kama katikati ya ukuta, hakuna tofauti. Penye ukingo tofauti hujitokeza, nayo programu huichukua na kuirudisha juu ya picha. Upande wa giza husukumwa gizani zaidi, 30 ikawa 15. Upande wa mwanga husukumwa mwangani, 200 ikawa 215. Ngazi imekuwa na mwinuko mkali zaidi, na jicho linaridhika.

Ndiyo maana kifaa hicho huitwa Unsharp Mask, jina linalotaja ukungu ingawa kazi yake ni ukali. Ni jina la chumba cha giza cha kuoshea picha za filamu, kabla ya kompyuta: fundi alitengeneza nakala ya negativu kwa makusudi ikiwa na ukungu, akazibandika mbili pamoja, akachapisha, na picha ikatoka na kingo zilizosimama.

Tazama basi ni kitu gani hakikufanyika. Hakuna kope iliyorudi. Hakuna mkunjo uliofichuliwa. Kilichokuwepo kimepigiwa mstari kwa nguvu zaidi, basi. Ukizidisha, ule msukumo wa mwanga hugeuka mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na mtu huonekana kama aliyepakwa wanja mweupe mwili mzima. Mafundi wengi huzidisha kwa sababu wametazama picha saa nzima na jicho limezoea. Nilipoanza kazi nilimnolea mteja picha ya mamake mpaka kila mkunjo wa uso ukawa kama mfereji. Aliitazama akasema, "Mamangu hakuwa amechongwa." Alikuwa na haki. Niliirudia kazi yote upya, na tangu siku hiyo sitoi picha ya mtu kabla haijalala usiku mmoja nikaitazama tena asubuhi.

Iko njia ya pili, ya kina zaidi. Ikiwa unajua ukungu uliingia vipi, unaweza kujaribu kuufumua kwa hesabu, kama anayefumua ushonaji kwa kufuata uzi ulikopita. Hesabu inayotumika sana ilielezwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974, na wa pili alikuwa mtu wa elimu ya nyota. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990, kioo chake cha mita 2.4 kiligunduliwa kimesuguliwa vibaya ukingoni, kosa la karibu mikromita 2.2, sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Picha zikaja na ukungu. Kwa miaka mitatu wataalamu wa nyota walizifumua kwa hesabu kama hizo, na walipata mengi, kwa sababu kosa la kioo lilijulikana barabara. Hata hivyo Desemba 1993 walitumwa wanaanga kwenda kuifungia darubini vioo vya kurekebisha. Waliokuwa na kompyuta bora na hesabu bora bado walihitaji nuru iingie sawasawa. Nalitaja hili ili usijilaumu wewe wala kompyuta yako pale picha itakapogoma.

Kwa bahati njia hii inapatikana bure. Programu ya RawTherapee inayo ndani ya sehemu ya kunoa, na hufungua hata picha ya kawaida ya simu. GIMP, programu nyingine ya kurekebisha picha, huipata ukiiongezea programu-jalizi ya G'MIC. Lakini zote mbili hudhani ukungu ni wa mviringo, na wako ni wa mstari, kwa hivyo zitafumua sehemu tu. Photoshop, ambayo hulipiwa, ina kinoaji kinachokubali kuambiwa kwamba ukungu ni wa mtikisiko na umelala kwa pembe gani. Ukimjua mtu mwenye studio mjini anayeitumia, mpe picha na umwonyeshe zile taa. Akipima mlalo wake amepata pembe.

Na akili unde? Nitalisema hili polepole kwa sababu najua ndiyo iliyokushangaza kwa usafi. Programu hizo hazifumui ukungu wako. Zimelishwa nyuso nyingi mno, na zikipewa uso wenye ukungu hujiuliza: ni uso gani mkali ambao ukitiwa ukungu utafanana na huu? Shida ni kwamba jawabu si moja. Nyuso maelfu, zikififishwa, hulingana. Programu huchagua moja miongoni mwa zile inazozielekea zaidi, na huichora kwa ujasiri. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu ya namna hiyo inayoitwa PULSE. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka vijisanduku, nayo ikatoa uso mkali wa mzungu. Kwa hesabu za programu lilikuwa jawabu halali: ukiupunguza uso ule, unarudi kwenye vijisanduku vile vile. Ila hakuwa Obama.

Ukitaka kujihakikishia, itazame leso ya nyanya kwenye ile picha "safi". Kwenye kipande chako naona jina la leso limepita kifuani, na herufi tatu nne zinakaribia kusomeka. Angalia akili unde ilichofanya hapo. Nina hakika kubwa utakuta michoro inayofanana na herufi lakini haisomeki kwa lugha yoyote. Kama imeandika leso upya bila kujua Kiswahili, ndivyo ilivyoandika macho ya nyanya upya bila kumjua nyanya. Ule mkunjo mmoja kando ya mdomo aliokuwa nao yeye peke yake akicheka, programu haikuwahi kuuona, basi ikampa wa mtu mwingine.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kama mama. Nyingi ya programu hizo hupeleka picha kwenye kompyuta za wenyewe huko mbali ndipo ziifanyie kazi. Picha ya usiku wa kupamba ina wanawake waliokuja vichwa wazi wakijua wako ndani kwa ndani. Kata picha ibaki nyanya peke yake kabla ya kuiweka popote mtandaoni. Ulifanya vyema kunitumia kipande tu.

Haya, tuingie kazini. Nitakueleza kwa GIMP, maana ni ya bure na kompyuta yako itaiweza.

Fungua picha, na kabla ya yote ihifadhi kwa jina jipya katika muundo wa GIMP yenyewe. Ukihifadhi kama JPEG kila unaposimama kunywa chai, kila mara unaibana na kuipunguza. Ikuze au ipunguze kwanza ifike ukubwa wa kuchapishwa. Kunoa huja mwisho, baada ya ukubwa, baada ya rangi, baada ya weusi na weupe. Ukinoa kisha ukakuza, unakuza na ule wanja.

Nakili tabaka (layer), yaani picha ilale juu ya nakala yake kama karatasi mbili. Tabaka la juu ndilo utakalolinoa, la chini libaki kama lilivyo. Bofya tabaka la juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya uliongezee chaneli ya alfa, ile inayoliruhusu tabaka kuwa na sehemu za uwazi. Wengi hukwama hapa: bila chaneli hiyo, kifutio cha GIMP hakifuti, hupaka rangi ya nyuma, na utadhani umeharibu picha. Kisha nenda kwenye menyu ya vichujio, sehemu ya kuboresha, uchague kinoaji cha Unsharp Mask. Itazame picha kwa asilimia 100. Ukiitazama ikiwa imebanwa itoshee skrini, unakisia.

Utaona vitelezi vitatu. Cha kwanza ni nusu kipenyo, nacho ndicho chenye akili. Husema msukumo ufike umbali gani kutoka kwenye ukingo. Picha iliyopigwa vizuri huhitaji 0.8 au 1 tu. Yako ina mpako wa pikseli sita, kwa hivyo anza na 1.5 na usipite 2.5. Cha pili ni kiasi, yaani nguvu ya msukumo; kiweke 0.6, ukipandishe kidogo kidogo. Cha tatu ni kizingiti, kinachoiambia programu ipuuze tofauti ndogo. Kianze sifuri, ukipandishe taratibu mpaka zile chenga za shavuni zitulie lakini kope zibaki. Nusu kipenyo kikubwa na kiasi kikubwa kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kuharibu uso.

Usinoe mara moja kwa nguvu. Noa kidogo, tazama, noa kidogo tena kwa nusu kipenyo kidogo zaidi. Kisha libadilishe tabaka la juu liathiri mwangaza pekee, lisiguse rangi, la sivyo taa zako zitaota pindo za kijani na zambarau.

Sasa chukua kifutio kikubwa chenye kingo laini, nguvu yake ikiwa nusu, na ufute ukali kwenye mashavu, paji la uso na shingo, na kwenye giza lote la nyuma. Uache machoni, kwenye kipini cha pua, mstari wa midomo, pindo la leso na jina lake, na vidole. Mtu akitazama picha ya mtu huanza na macho. Macho yakisimama, jicho la mtazamaji humsamehe mpiga picha mashavu yasiyo makali. Hapa ndipo utumie muda wako. Mimi huweza kukaa saa nzima kwenye macho mawili, na dakika tano kwa vilivyobaki vyote.

Mwishoni, jambo ambalo litakushangaza: tia chenga kidogo, za rangi moja, nyepesi, picha nzima. Uso uliolainishwa na simu ukipata chembechembe kidogo huonekana una ngozi tena, na jicho hudhani linaona ukali zaidi kuliko uliopo. Ni hila, lakini haimbadilishi mtu, na kwenye karatasi hufanya kazi vizuri kuliko kwenye skrini. Ikiwa rangi za usiku zimekataa kutulia, jaribu nakala ya nyeusi na nyeupe. Nusu ya fujo ya picha za gizani iko kwenye rangi.

Kama unataka kuzoea mkono kabla ya kumgusa nyanya, shuka Ndia Kuu mchana ukapige mlango mmoja wa nakshi, mara moja ukiwa umeegemea ukuta na mara moja ukitikisa simu kwa makusudi. Nakshi zina kingo za kila ukubwa, nusu kipenyo kikizidi utaona maua ya mbao yakivimba. Na unayo ile picha kali ya kulinganisha, kitu ambacho kwa nyanya huna.

Nimebakiza A3, na hapa nitakuvunja moyo kidogo kisha nikuunge. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 42. Ukizitandaza pikseli 1600 humo, mpako wa pikseli sita unakuwa zaidi ya milimita moja na nusu. Jicho lisilo na kasoro, kutoka kochi lililo mita mbili na nusu mbele ya ukuta, hutofautisha vitu vilivyoachana kwa milimita 0.7 hivi. Ukungu utaonekana na kila anayeketi. Lakini kwenye A4, na ikiwa kunoa kumeupunguza mpako ukawa kama nusu yake, unashuka hadi milimita 0.56. Kutoka kochini jicho haliuoni. Picha ile ile, karatasi ndogo zaidi, na sebule nzima itasema ni kali.

Kwa hivyo nunua fremu ya A3 kama ulivyotaka, ukamwambie fundi akukatie kadi nene nyeupe ya kuwekwa ndani, yenye dirisha la A4 katikati. Ukutani itajaza nafasi ile ile uliyoikusudia. Ukiipata faili ya asili kwa mdogo wako, kadi yaweza kutoka na ukapanda ukubwa kidogo, lakini usiwe na haraka: faili kubwa huleta pikseli nyingi, mtikisiko wa mkono unabaki ule ule. Chagua karatasi isiyong'aa. Hiyo hunywa wino na kulainisha kingo kidogo, basi inoe nukta moja zaidi ya inavyopendeza kwenye skrini. Nayo haitarudisha mwanga wa dirisha machoni pa mama.

Kabla ya kuosha ile kubwa, kata uso pekee, uuweke mara tatu kwenye karatasi moja: mara moja bila kunolewa, mara moja kwa nguvu uliyoichagua wewe, na mara moja kwa nusu ya nguvu hiyo. Nyuma ya kila moja andika alama yako kwa penseli. Ibandike ukutani pale pale itakapokaa, usubiri jioni taa zikishawashwa, mama akiwa kwenye kochi lake. Usimwambie ipi ni ipi. Atakayoionyesha kwa kidole akasema, "Huyu," hiyo ndiyo uioshe.